Nukta Kumi na Mbili

Kila siku alasiri, msichana aliyeitwa Chapchap aliingia nyumbani kutoka shule kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Viatu huku, mkoba kule, sare juu ya mlango. Dakika kumi baadaye alikuwa amekwisha kula, kuosha vyombo na kufagia. Ungemsikia tu ukiwa nje, ungedhani ni mchapakazi wa kupewa kombe. Lakini ungeingia ndani ukatazama, ungekuta sahani zimeoshwa upande wa juu peke yake, kwa sababu, kama alivyoeleza mwenyewe, "hakuna anayekula upande wa chini." Chumba kilikuwa kimefagiwa pale katikati tu, watu wanapopita. Na shati lake la shule alilipiga pasi kola basi. Sehemu zilizobaki alizificha kwa sweta, hata siku ambayo jua lilikuwa linakausha mpaka mate mdomoni.

Jina la Chapchap alipewa na wenzake darasani, naye akalipokea kama cheo.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na aliishi na shangazi yake, fundi wa filimbi za mianzi. Karakana ya shangazi ilikuwa chumba cha uani chenye dirisha moja na benchi la kazi lililojaa makovu ya visu. Juu, karibu na bati, mianzi ilikuwa imelazwa kwenye waya ikikauka taratibu. Ilikaa huko mwaka mzima kabla ya kuguswa. Chini ya benchi kulikuwa na jiko la mkaa la kuchomea misumari ya kutoboa matundu. Kila kitu mle ndani kilinuka moshi, na shangazi naye alinuka moshi, hata siku ya harusi ya mdogo wake.

Sasa huyu shangazi na haraka walikuwa hawajuani kabisa. Akitia sukari kwenye chai, alikoroga, akakoroga, akakoroga, mpaka wewe unayemtazama ndiye unayepata kizunguzungu.

Wiki hiyo alikuwa na kazi kubwa: filimbi kumi na mbili za kikundi cha muziki cha shule, zitakazopigwa Ijumaa, siku ya wazazi. Chapchap alikuwa mmoja wa wapigaji. Tena si mmoja hivi hivi: mwalimu wa muziki alikuwa amempa kipande cha kuanzia, ambacho angekipiga peke yake, wengine wote wakiwa kimya wanamsikiliza. Alikuwa amekwisha kuwaambia nusu ya mtaa. Ile nusu nyingine iliambiwa na Mashavu, rafiki yake wa dawati moja, mvulana ambaye akijaza pumzi uso wake unakuwa mpira.

Jumamosi asubuhi shangazi alijitayarisha kwenda kumwona binamu yake aliyejifungua. Kabla ya kuondoka alimwita Chapchap karakanani.

"Mwanangu, filimbi zote zimekwisha matundu ya vidole. Limebaki hili la juu, la kupulizia. Nimelitoboa kwa msumari wa moto, ndiyo maana limekaa kama mdomo wa mtu aliyeungua na uji. Kazi yako ni ukingo wake wa mbele, huu ulio mbali na mdomo. Nimekufundisha kwenye vipande vibovu mwezi mzima. Nikumbushe."

"Kisu kidogo, mara ishirini, taratibu, nachonga upande wa ndani mpaka ukingo uwe mkali. Napuliza. Ikikataa kulia, nachonga mara tano tena. Napuliza."

"Na ikilia?"

"Nachoma msumari, natia nukta pembeni ya tundu."

"Kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo sitii nukta."

"Kwa nini?"

Chapchap akageuza macho juu. Wimbo huu aliujua. "Kwa sababu nukta ni neno la fundi. Maana yake: hii nimeipuliza, nimeisikia kwa masikio yangu."

"Ikikataa kabisa, iache, nitaitazama nikirudi Jumatatu," shangazi alisema, akajitwika mfuko wake begani na kuondoka kwa mwendo ule ule wa kukoroga chai.

Chapchap akakaa. Filimbi ya kwanza: mara ishirini, akapuliza. Kimya. Mara tano, akapuliza. Kimya. Mara tano tena. Ikatoa mlio kama paka aliyekanyagwa mkia. Mara tano nyingine, na mlio ukasafika, ukawa mrefu na mtamu. Nusu saa ilikuwa imekatika. Filimbi ya pili ikala nusu saa nyingine. Chapchap akafanya hesabu kwa vidole, akaona siku nzima inamponyoka.

Na nje, unafikiri kulikuwa na nini? Kulikuwa na kamba! Wasichana wa mtaa wa juu walikuwa wamekuja kushindana na wasichana wa mtaa wa chini kuruka kamba, na wa mtaa wa chini walikuwa wanashindwa vibaya.

"Chapchap!" mtu aliita nyuma ya ukuta. "Wametutia aibu huku! Njoo!"

Macho ya Chapchap yakatua kwenye kipande cha msasa kilichokuwa benchini. Akaukunja msasa kwenye penseli, akauingiza ndani ya tundu la filimbi ya tatu, akazungusha. Zrrr! Akatoa. Lo! Tundu lilikuwa laini, la mviringo, linang'aa kama kifungo cha koti jipya. Ukiweka mdomo pale, unateleza vizuri.

"Kumbe!" Chapchap alijiambia. "Shangazi ameteseka miaka yote hii, na msasa upo."

Zrrr, zrrr, zrrr. Filimbi kumi zikaisha kwa dakika tano. Na zile mbili za kwanza, alizozichonga kwa kisu zikalia vizuri, akaona zimekaa vibaya, zina kingo kali zisizopendeza. Akazipiga msasa nazo, ili zifanane na nyingine.

Kupuliza je? Kupuliza kulikuwa kumebaki, lakini nje walikuwa wanapiga kelele. Akachoma msumari mara moja, akatia nukta kumi na mbili mfululizo, tss, tss, tss, kama anayenyunyiza chumvi kwenye mboga. Kisha akatoka mbio. Siku hiyo mtaa wa chini walishinda, na Chapchap alibebwa juujuu.

Jumatatu asubuhi aliingia ukumbi wa shule na boksi la filimbi kichwani. Mwalimu wa muziki alizigeuza filimbi mkononi, akatabasamu.

"Zimependeza! Na nukta ya shangazi yako ipo kwenye kila moja. Basi mimi sina wasiwasi."

Mwenye wasiwasi alikuwa Mwalimu Mkuu. Yeye tangu mwanzo alitaka filimbi za plastiki za dukani, kwa sababu, alisema, haziliwi na wadudu na zina rangi za kupendeza. Alikuwa amekuja kusikiliza mwenyewe, akaketi mbele kabisa na kukunja mikono.

Mwalimu wa muziki akainua mkono, akamtazama Chapchap. Chapchap akajaza pumzi, akapuliza kipande chake cha kuanzia.

Fyuuuuuu.

Mwalimu Mkuu akajikunyata kidogo. "Hebu fungeni madirisha, upepo unaingia."

Madirisha yakafungwa. Mwalimu wa muziki, akidhani Chapchap ameingiwa na woga, akasema, "Wote pamoja! Moja, mbili, tatu!"

Fyuuuuuuuuuu.

"Na mlango!" Mwalimu Mkuu akafoka.

Mlango ukafungwa. Watoto kumi na wawili wakapuliza tena mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Fyuuuuuuuuuuuu. Mwalimu Mkuu akatazama juu.

"Basi ni bati," alisema. "Bati limeachia."

"Si bati, Mwalimu," alisema mwalimu wa muziki kwa sauti ndogo. "Ni filimbi."

Macho yote yakamgeukia Chapchap. Hapo ndipo ulikuwa wakati wa kusema. Neno lilimfika mpaka kwenye ulimi, akalimeza, akatoa jingine lililokuwa karibu.

"Midomo yao mikavu, mwalimu. Filimbi nzuri haitaki mdomo mkavu."

Kikopo cha mafuta ya kujipaka kikatafutwa, kikapitishwa mdomo kwa mdomo. Sasa watoto kumi na wawili wakawa wanang'aa kama maandazi yaliyotoka kwenye karai. Wakapuliza. Filimbi ya mmoja ikamteleza, ikaruka, ikatua kwenye mapaja ya Mwalimu Mkuu. Mashavu naye, ambaye hajui kukata tamaa, alijaza uso wake wote, akapuliza, akapuliza, kisha akayumba na kukaa chini.

"Naona nyota," alisema.

"Nyota saa nne asubuhi?" mwalimu wa muziki aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu. Na zinacheza."

Mwalimu Mkuu akasimama, akaiweka ile filimbi yenye mafuta juu ya kiti kwa vidole viwili, kama anayeshika panya aliyekufa.

"Mwambie shangazi yako," alimwambia Chapchap. "Nawapa mpaka Ijumaa. Zisipolia mbele ya wazazi, Jumatatu nakwenda dukani kuchukua za plastiki, na habari ya mianzi katika shule hii imekwisha."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Chapchap alirudi nyumbani polepole.

Shangazi alikuwa ndiyo kwanza anafika, mfuko bado uko begani. Akausikiliza ujumbe wa Mwalimu Mkuu akiwa amesimama mlangoni. Akachukua filimbi moja kwenye boksi, akapuliza. Fyuuu. Akachukua nyingine. Fyuuu.

"Hizi zote ulizipuliza Jumamosi?"

"Nilizipuliza, shangazi."

"Na zililia?"

"Zililia."

Shangazi akauweka mfuko chini, akapanda juu ya kigoda, akaanza kuteremsha mianzi kutoka kwenye waya. Mmoja, wa pili, wa tatu. Mianzi iliyokaa juu mwaka mzima, aliyoigeuza kila Jumapili kama anayegeuza mgonjwa kitandani, ikawa inaanguka sakafuni, ko, ko, ko.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Filimbi iliyolia Jumamosi ikanyamaza Jumatatu ina ufa ndani. Na hizi zimetoka kwenye fungu hili hili. Basi fungu zima ni bovu, nimelikausha vibaya mwenyewe. Litatufaa kwa kupikia maharage." Akafuta jasho. "Kesho nitakwenda kwa Mwalimu Mkuu nimwambie kosa ni langu, achukue tu hizo za plastiki. Labda mkono wangu umechoka, mwanangu. Labda umefika wakati niache."

Akaushika mwanzi wa kwanza, akauweka kwenye goti ili auvunje.

"Usivunje!" Chapchap akapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaitika. "Shangazi, usivunje! Mianzi ni mizima! Ni mimi! Sikuzipuliza! Nilizipiga msasa nikatia nukta nikaenda kuruka kamba, na zile mbili zilizolia nazo nikazipiga msasa, na leo nikawaambia midomo mikavu, na Mashavu ameona nyota!"

Yote hayo aliyatoa kwa pumzi moja. Kwa kweli, kama angekuwa filimbi, siku hiyo angelia vizuri sana.

Shangazi akauondoa mwanzi kwenye goti. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Alichukua filimbi moja, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa tundu.

"Lete ukucha wako. Unaona? Unateleza. Sasa pitisha kwenye hii ya zamani, yangu."

Chapchap akapitisha. Ukingo ukamkwangua, ukabaki na unga mweupe wa ukucha.

"Pumzi ikitoka mdomoni haina wimbo wowote," shangazi alisema. "Inakwenda zake tu. Ikifika kwenye ukingo mkali, inakatwa: hii inataka kuingia ndani, hii inataka kutoka nje, zinagombania mlango. Ule ugomvi ndio sauti. Wewe umeziwekea sakafu ya kuteleza. Pumzi zinapita, zinasalimiana, kila moja inakwenda kwake. Zitaimba saa ngapi?"

Chapchap alitaka kucheka, akaona si mahali pake.

"Zimekufa kabisa, shangazi?"

"Zinaweza kupona. Unakwangua nje kwa tupa, hapa mbele ya tundu, taratibu, mpaka ile sehemu ya mviringo iishe na ukingo urudi. Kisha kisu, mara ishirini. Ukizidisha, ganda linakuwa jembamba na filimbi inapasuka. Zipo kumi na mbili, na Ijumaa si mbali." Akampa tupa. "Mimi nitapandisha mianzi yangu."

Na kweli alipandisha mianzi yake, mmoja mmoja.

Kitu cha kwanza kilichoondoka kwa ile tupa kilikuwa nukta. Ilikuwa pale pale pembeni ya tundu, kwa hiyo huwezi kukwangua ukingo bila kuikwangua nayo. Chapchap aliziona nukta zake zikigeuka unga mweusi, akazipuliza zikaanguka chini.

Jumatatu alimaliza filimbi tatu, Jumanne tatu, Jumatano tatu. Mashavu alikuja kila siku kusaidia kupuliza, ingawa alipigwa marufuku kupuliza akiwa amesimama. Nje walikuja kumwita kwa ajili ya kamba, wakachoka, wakaenda zao. Kila filimbi iliyolia, Chapchap aliipeleka kwanza kwa shangazi, akaipuliza mbele yake. Shangazi akisema "mh," ndipo msumari unakwenda motoni.

Alhamisi zilibaki tatu. Mbili zikalia. Ya mwisho ilikuwa ile aliyoichagua kuwa yake mwenyewe, kwa sababu mwanzi wake ulikuwa na alama nzuri za rangi ya kahawia. Akakwangua, akapuliza. Karibu! Akakwangua, akapuliza. Karibu sana! Jua lilikuwa linazama, mikono inauma, na yule Chapchap wa Jumamosi akamnong'oneza sikioni: kaza kidogo tu, imalizike. Akakaza.

Tak!

Ufa ukakimbia kutoka kwenye tundu la kupulizia mpaka kwenye tundu la kidole cha kwanza.

Mashavu akafunika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akafunua kidogo. "Gundi ipo pale," alinong'ona. "Na ukipaka masizi kidogo, ufa hauonekani. Shangazi yako yuko jikoni."

Chapchap akaitazama gundi. Akautazama msumari, bado mwekundu kwenye mkaa. Kisha akainuka, akaenda jikoni na kuiweka filimbi mezani, karibu na kikombe ambacho shangazi alikuwa anakikoroga.

"Hii nimeivunja mimi," alisema. "Sasa hivi. Kwa haraka."

Kijiko kikasimama.

"Na ni ipi?"

"Yangu."

Shangazi akaigeuza filimbi huku na huku. "Zile kumi na moja?"

"Zinalia. Umezisikia."

"Nimezisikia." Kijiko kikaanza tena. "Na mimi kwa leo siwezi kutengeneza nyingine, mwanangu. Hata kama ningeweza, sidhani kama ningefanya."

Ijumaa ukumbi ulijaa wazazi mpaka wengine wakakaa kwenye meza. Mwalimu Mkuu alikuwa mbele, mikono ameikunja, na safari hii alikuwa ameamuru madirisha yote yafungwe mapema, asije akadanganywa na upepo. Kumi na mmoja wakapanda jukwaani. Chapchap akabaki chini, karibu na ukuta, mikono mitupu. Alikuwa amemweleza mwalimu wa muziki kila kitu, tangu msasa hadi mafuta ya midomo, na kipande cha kuanzia sasa kilikuwa cha Mashavu, aliyepewa kiti pia.

Mashavu akajaza uso. Chapchap akafumba macho.

Sauti ikatoka. Ilitoka safi, ikapanda, ikazunguka ukumbi, na wale kumi wengine wakaingia nyuma yake, kila filimbi ikisema kile ilichochongewa. Mama mmoja nyuma akaacha kumbembeleza mtoto wake, kwa sababu mtoto alikuwa amekwisha kunyamaza kusikiliza. Katikati ya wimbo Mwalimu Mkuu akasimama ghafla. Mwalimu wa muziki akashtuka.

"Fungueni madirisha!" Mwalimu Mkuu alisema. "Yote! Na wa barabarani wasikie!"

Walipomaliza na makofi kutulia, Mwalimu Mkuu akamfuata Chapchap pale ukutani.

"Mbona wewe huna filimbi?"

"Yangu niliivunja mwenyewe, Mwalimu. Na zile za Jumatatu, hazikuwa kosa la shangazi wala la midomo. Nilizipiga msasa."

Mwalimu Mkuu akatazama juu. "Kwa hiyo lile halikuwa bati?"

"Halikuwa bati, Mwalimu."

"Nilimlipa fundi jana akapande kulitazama," alisema Mwalimu Mkuu, akaondoka akitikisa kichwa. Za plastiki hakuzitaja tena.

Njiani kurudi nyumbani shangazi alitembea taratibu, Chapchap akajilazimisha kutembea mwendo ule ule. Walipofika uani, shangazi akafungua mlango wa karakana, akateremsha mwanzi mmoja, ule aliotaka kuuvunja kwenye goti lake.

"Huu ndio utakuwa filimbi yako," alisema. "Utaitengeneza mwenyewe, kuanzia kukata. Nisikilize. Kufanya kazi haraka si kosa. Mikono yako ni myepesi, na hilo ni jambo zuri. Kosa ni kusema umefanya kazi ambayo hukuifanya. Mtu akiona nukta, hapulizi tena kuhakikisha, anakuamini. Ukimdanganya mara moja, siku nyingine atapuliza kila kitu unachompa. Na jana ulipoileta ile iliyopasuka mezani, hukuniletea filimbi, lakini uliniletea neno lako. Hilo nimelipokea."

Kisha akaingia ndani kutengeneza chai.

Ilimchukua Chapchap wiki mbili. Jioni ya mwisho alichonga mara ishirini, akapuliza: kimya. Mara tano: kimya. Nyuma ya ukuta wakaita, "Chapchap! Kamba!" Akajibu, "Nakuja!" na akachonga mara tano tena. Filimbi ikalia. Akaipuliza mara tatu ili awe na hakika, akachoma msumari, akatia nukta moja.

Kisha akatoka mbio kama anayekimbizwa na nyuki. Sahani alikuwa amekwisha kuziosha tangu mapema, pande zote mbili.